Takwimu au macho? Mwongozo kamili wa kupima thamani ya kijana wa kikapu

Katika drafti ya mwaka 2011 ya NBA, ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Marekani, ambamo timu huchagua vijana kwa zamu, walikuwamo vijana wawili ambao kila msaka vipaji anapaswa kuwarudia. Jimmer Fredette wa Chuo Kikuu cha Brigham Young alikuwa ametoka kuongoza ufungaji katika mashindano ya vyuo vya Marekani, pointi 28.9 kwa mchezo, na mitupo yake ya mbali ilikuwa gumzo nchi nzima. Kawhi Leonard wa San Diego State alikuwa akipatia mitupo ya pointi tatu kwa kiwango kisichofika asilimia 30. Fredette alichaguliwa wa 10, Leonard wa 15. Leonard akaja kuwa mchezaji bora wa fainali mara mbili, 2014 na 2019. Fredette hakudumu katika ligi ile.

Wengi hukisimulia kisa hicho kama ushahidi kwamba takwimu hudanganya. Mimi nakisoma tofauti. Siku ya drafti Fredette alikuwa na miaka 22 na Leonard 19, na umri ni takwimu kama zilivyo pointi. Leonard alikuwa akidaka ribaundi (mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa) zaidi ya 10 kwa mchezo ilhali si senta, yule mrefu wa chini ya ringi, na hiyo nayo ni takwimu. Namba zote hizo zilikuwa mezani. Kosa lilikuwa kuchukua moja inayong'aa kuliko nyingine na kuiachia ijibu swali lisilo lake.

Takwimu zinajua nini kilitokea na mara ngapi. Macho yanajua kilitokeaje, na yanaweza kukisia kama kitatokea tena mbele ya wapinzani wakali zaidi. Kwa mchezaji aliyekomaa unaweza kuegemea namba, maana zimeshakuwa nyingi. Kwa kijana namba ni chache, mwili bado unakua na kocha wake huenda anamchezesha nafasi ambayo hataicheza akiwa mkubwa. Hapo huna budi kuvihoji vyote viwili, kimoja kwa kutumia kingine, na mpangilio wa kuhoji una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 1: Amua unapima thamani gani

Kabla ya kufungua karatasi yoyote, andika swali lako kwa sentensi moja. "Je, kijana huyu ataisaidia timu yangu msimu huu?" ni swali moja. "Je, akifika miaka 23 ataweza kucheza ligi ya kulipwa?" ni swali jingine kabisa, na majibu yake yanaweza kupingana. Kijana mwenye nguvu aliyekomaa mapema anaweza kuwa jibu zuri la swali la kwanza na jibu baya la la pili.

Andika pia tarehe yake ya kuzaliwa, mwezi ukiwemo. Katika mashindano ya chini ya miaka 16, aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wa mwaka uleule wanahesabiwa rika moja, na katika umri ule miezi kumi na moja ni sentimita na kilo. Juu ya hapo kuna suala la kubalehe. Mtoto wa miaka 14 mwenye mabega ya mtu mzima atawazidi wenzake ribaundi, atapenya atakavyo na atazuia mitupo. Takwimu zake zitang'aa, macho yako yatafurahi, na vyote viwili vitakuwa vimepotoshwa na jambo moja. Dawa yake ni kujiuliza, kila anapofanikiwa: je, angefanikiwa kama mpinzani angekuwa na mwili kama wake? Weka alama kwenye vikapu vyake vilivyotokana na ustadi (mguu wa egemeo, kubadilisha mwendo, mtupo uliotulia) kando na vile alivyopata kwa kumsukuma mtu. Baada ya michezo kadhaa utashangaa jinsi mgawanyo huo unavyotofautiana kati ya vijana wawili wenye pointi sawa.

Hatua ya 2: Tazama mchezo mmoja kabla ya kuona namba zake

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema takwimu kwanza. Ukishajua kwamba kijana anafunga pointi 20, macho yako yatakwenda kuzitafuta pointi hizo, na kila kikapu kitakuwa uthibitisho. Kwa hiyo mchezo wa kwanza utazame bila kujua lolote, na ukiweza usimuulize hata kocha wake.

Mtazame yeye, usiufuate mpira. Ni jambo gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu macho ya binadamu huvutwa na mpira wenyewe. Mchezaji mmoja kati ya watano hukaa na mpira sehemu ndogo tu ya mchezo. Muda mwingi uliobaki ndio unaokuonyesha kama anauelewa mchezo. Simama au keti juu kidogo, nyuma ya ringi ikiwezekana, maana kutoka hapo unaona nafasi zinavyofunguka na kufungwa. Picha za televisheni hufuata mpira, na kamera ikishausogelea hutamwona aliyeachwa upande wa pili.

Chukua mfano wa zamu moja ya ulinzi. Mpinzani ana mpira juu ya duara, upande wa kulia. Kijana wako anamlinda mtu aliyesimama kwenye kona ya kushoto, mbali kabisa na hatari. Angalia miguu yake. Ikiwa imeganda karibu na mtu wake, na uso umeelekea kwake tu, hajui kinachoendelea. Ikiwa amesogea mpaka karibu na eneo la chini ya ringi, mwili umefunguka pande mbili, mkono mmoja unaelekea kwa mtu wake na jicho likiwa kwenye mpira, huyo ameshafundishwa. Sasa mpinzani anapenya. Je, kijana anaanza kusogea mguu wa mpenyaji unapovuka mstari wa mtupo huru (mtupo anaopewa aliyefanyiwa faulo), au anangoja mpaka mtu aruke? Anayesogea mapema humlazimisha mpenyaji kusita na kutoa pasi. Anayechelewa huruka, anafanya faulo, au anabahatika kuzuia mtupo na uwanja mzima unashangilia. Karatasi ya takwimu itampa sifa huyu wa pili na kumnyima yule wa kwanza kila kitu. Kisha pasi inakwenda kona: anamkimbilia mtupaji kwa hatua ndefu halafu fupi, mkono juu, bila kuruka kipumbavu? Zamu kumi za namna hiyo zinakufundisha mengi kuliko robo nzima ya kuangalia anavyofunga.

Andika vitenzi, usiandike sifa. "Ana akili ya mchezo" haisaidii mtu. "Alitoa pasi kabla msaidizi hajafika, mara tatu" inasaidia, kwa sababu mwaka mmoja baadaye bado utajua uliona nini. Mwisho wa mchezo, kabla hujaona karatasi, kisia: amefunga ngapi, amepoteza mipira mingapi, ametupa mara ngapi. Weka makisio hayo kando.

Hatua ya 3: Sasa zipige hesabu, kwa zamu na si kwa mchezo

Pointi kwa mchezo ndiyo namba inayotajwa sana na inayofaa kidogo. Timu inayokimbia ina zamu nyingi za kushambulia, na inayocheza taratibu ina chache, na mchezaji wa timu ya kwanza ataonekana bora kwa sababu ya mwendo tu. Kadiria zamu za timu hivi: mitupo yote ya uwanjani, ongeza mitupo huru mara 0.44, ongeza mipira iliyopotezwa, kisha ondoa ribaundi za kushambulia. Kile kizidishio cha 0.44 kipo kwa sababu mitupo huru kwa kawaida huja miwili miwili, lakini mingine huja mmoja juu ya kikapu kilichokwisha kuingia. Ni makadirio, na yanatosha.

Tuchukue vijana wawili wa kubuni. Kijana A amefunga pointi 18 kwa mitupo 19 ya uwanjani na mitupo huru 4, akapoteza mipira 5. Kijana B amefunga pointi 14 kwa mitupo 9 na mitupo huru 5, akapoteza mpira 1. Gazeti litamwandika A.

Ufanisi halisi wa mtupaji ni pointi zake, gawanya kwa mara mbili ya jumla hii: mitupo ya uwanjani na mitupo huru mara 0.44. Kwa A, 19 jumlisha 1.76 ni 20.76, mara mbili ni 41.52, na 18 ukigawa kwa hiyo unapata asilimia 43 hivi. Kwa B, 9 jumlisha 2.2 ni 11.2, mara mbili ni 22.4, na 14 ukigawa kwa hiyo unapata asilimia 62.5. Pengo ni kubwa mno.

Usimtangaze B mshindi bado. Pima mzigo waliobeba: zamu ambazo mchezaji amezimaliza yeye mwenyewe, kwa mtupo, mtupo huru au kupoteza mpira. A amemaliza karibu zamu 26, B kama 12. Ikiwa timu ya kila mmoja ilikuwa na zamu 72 akiwa uwanjani, A amebeba zaidi ya theluthi ya mashambulizi na B kama asilimia 17. Anayebeba mzigo mkubwa hulazimika kutupa mitupo mibaya saa ya shambulizi (muda ambao timu inapaswa kutupa) inapoisha, mbele ya mlinzi bora wa wapinzani. Anayebeba mdogo anaweza kuchagua. Kwa hiyo swali limezaliwa: je, B angebaki na ufanisi ule akipewa zaidi, na je, A angepata ufanisi wa maana akipunguziwa? Namba haziwezi kulijibu peke yake. Lakini zimekupa kitu cha kwenda kutafuta uwanjani, na hiyo ndiyo kazi yake bora.

Dean Oliver, mmoja wa waasisi wa uchambuzi wa takwimu za kikapu, aligawa ushindi katika mambo manne: utupaji, kutopoteza mipira, ribaundi na kwenda kwenye mstari wa mtupo huru, utupaji ukiwa na uzito mkubwa kuliko yote. Ukiwa huna muda, pima kijana kwa manne hayo na utakuwa umeziacha nyuma karatasi nyingi za wasaka vipaji.

Jambo moja linalosahaulika: namba za mashindano ya vijana huandikwa na binadamu aliyeketi mezani, mara nyingine kijana wa kujitolea. Asisti, yaani pasi inayozaa kikapu, ni uamuzi wa mwandishi, na mtupo uliozuiwa au mpira uliopokonywa pia. Chagua mchezo mmoja, hesabu mwenyewe, kisha linganisha na karatasi rasmi. Ukikuta asisti zimezidi kwa tatu au nne upande wa wenyeji, punguza imani yako kwa msimu mzima.

Hatua ya 4: Jua ni namba zipi unaweza kuziamini mapema

Kijana ametupa mitupo ya pointi tatu 60 na ameingiza 24. Hiyo ni asilimia 40, na kila mtu atasema ni mtupaji. Kwa hesabu ya kawaida ya uwezekano, mitupo 60 inaacha nafasi ya kukosea ya zaidi ya pointi 12 za asilimia kila upande. Uwezo wake wa kweli unaweza kuwa 30, unaweza kuwa 50. Ukiuliza "je, ni mtupaji?" mitupo 60 inajibu "huenda", na hapo namba inapaswa kunyamaza.

Mtupo huru una faida ya pekee: hakuna mlinzi, umbali haubadiliki, ringi ni ileile kila mahali. Ndiyo maana kwa vijana asilimia ya mtupo huru mara nyingi hutabiri utupaji wa mbali wa baadaye vizuri kuliko asilimia ya pointi tatu yenyewe. Leonard alikuwa anaingiza kama robo tatu ya mitupo huru chuoni huku pointi tatu zikimgomea. San Antonio Spurs wakampa kocha wao wa utupaji, Chip Engelland, na katika msimu wake wa kwanza akaingiza zaidi ya asilimia 37 ya pointi tatu. Angalia pia idadi: kijana anayethubutu kutupa mitupo saba ya mbali kwa mchezo, tena akiwa mwendoni, anakuambia kitu hata kama haiingii vizuri. Na kumbuka umbali. Mstari wa pointi tatu wa FIBA, shirikisho la kimataifa la kikapu, uko mita 6.75, wa NBA uko mita 7.24 katikati na hukaribia kwenye kona.

Ribaundi, mitupo iliyozuiwa na mipira iliyopokonywa huelekea kusafiri vizuri kutoka ngazi moja hadi nyingine, kwa sababu hutokana na mwili, mikono na wepesi wa kusoma, ambavyo haviachwi nyuma mtu anapohama timu. Pointi husafiri vibaya kuliko zote, maana zinategemea nani anakupa mpira. Uwiano wa asisti na mipira iliyopotezwa uko katikati: soma pamoja na mzigo.

Ile namba ya tofauti ya pointi timu inapokuwa na mchezaji uwanjani, kwa vijana iache kabisa. Katika michezo kumi au ishirini inapima zaidi alicheza pamoja na nani, na wapinzani walikuwa nani dakika zile. Wataalamu wa ligi kubwa hulazimika kuirekebisha kwa hesabu nzito na misimu mizima ya data ndipo iseme kitu.

Hatua ya 5: Zipime namba dhidi ya mazingira yake

Takwimu za wastani katika ligi ngumu zina thamani kuliko za ajabu katika ligi laini, na umri mdogo unazidisha thamani hiyo. Luka Dončić alikuwa mchezaji bora wa EuroLeague, ligi ya juu ya klabu za Ulaya, mwaka 2018, akiwa na miaka 19, miongoni mwa wanaume waliokomaa, akiwa bingwa na Real Madrid. Bado baadhi ya macho yalimwona mzito na asiye na kasi ya miguu, na timu mbili zikamruka kabla hajachaguliwa wa tatu. Huo ni mfano ambao namba zilipaswa kuyashinda macho bila mjadala mrefu: hakuna kijana wa umri ule anayefanya vile kwa bahati.

Mfano wa upande wa pili ni Giannis Antetokounmpo. Kabla ya drafti ya 2013 alikuwa akicheza daraja la pili la Ugiriki. Takwimu zake hazikuwa na chochote cha kulinganishwa nacho. Waliosafiri kwenda kumwona waliona kijana mrefu mno anayedunda mpira uwanja mzima kama mchezaji mfupi, na anayeona pasi. Milwaukee Bucks wakamchukua wa 15, msimu wa kwanza akafunga pointi 6.8 tu kwa mchezo, akaendelea kurefuka, na 2019 na 2020 akawa mchezaji bora wa ligi. Kwa kijana wa namna hiyo, uzito wa macho unapaswa kuwa karibu wote.

Kanuni ninayoitumia ni hii: kadiri ligi inavyojulikana na michezo inavyokuwa mingi, namba zipewe uzito, kadiri ligi isivyojulikana na kijana alivyoanza kucheza juzi, macho yapewe. Joel Embiid alianza kikapu akiwa tayari kijana wa miaka ya kati ya ujana wake, na miaka michache baadaye alikuwa wa tatu katika drafti ya 2014. Ungempima kwa wastani wa takwimu za rika lake, ungempima kwa miaka ambayo hakuwahi kuicheza. Kwa aliyechelewa kuanza, pima mwendo wa kuboreka: mchezo wa Machi ukilinganishwa na wa Oktoba, kosa lilelile.

Hatua ya 6: Rudi uwanjani ukiwa na maswali

Sasa mtazame tena, mara hii ukiwa na orodha fupi iliyotokana na namba. Kwa B wetu: mitupo yake tisa inatoka wapi? Chora nusu ya uwanja kwenye karatasi, weka alama kila anapotupa, na kando yake andika kama aliumba mtupo mwenyewe au aliletewa. Ukikuta yote ni vikapu vya chini ya ringi baada ya pasi ya mwenzake, ufanisi wake ni wa kweli ila umeazimwa kwa pointi gadi wake, yule anayeongoza mashambulizi. Ukikuta mitatu aliiumba mwenyewe kwa kudunda na kusimama, na mlinzi akiwa karibu, basi mzigo mkubwa zaidi huenda anaumudu. Kwa A: mitupo yake mibaya, nani aliyeiamua? Kama ni kocha anayemwachia mpira saa ya shambulizi ikibakiza sekunde nne, msamehe mingi. Kama ni yeye anayetupa sekunde ya sita huku mwenzake ameachwa peke yake kwenye kona, usimsamehe hata mmoja.

Hesabu pia yasiyohesabiwa. Kalamu na daftari vinatosha: mipira aliyoigusa ikapotea njia, skrini (kusimama njiani mwa mlinzi ili mwenzako apite) zilizomkwamisha mlinzi kweli, mara alizomzuia mpinzani kwa mwili mtupo ulipotoka ili mwenzake adake ribaundi, pasi iliyozaa asisti, mara alizochelewa kurudi kulinda. Gawa kwa dakika alizocheza, na tayari una takwimu ambazo hakuna mwingine anazo. Draymond Green alichaguliwa wa 35 mwaka 2012 baada ya miaka minne chuoni, mfupi kwa nafasi yake, na mwaka 2017 akawa mlinzi bora wa NBA. Msimu huohuo aliandika mchezo wenye tarakimu mbili katika ribaundi, asisti na mipira ya kupokonya huku akifunga pointi 4 tu. Thamani ya mtu kama huyo huipati bila daftari.

Mtazame angalau mara moja dhidi ya mpinzani anayemzidi nguvu au kasi. Hili nalisisitiza kwa sababu ya Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Katika msimu wake wa mwisho Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa na wastani wa mitupo 4.2 ya kuzuia kwa mchezo, namba ya kutisha, pamoja na ribaundi zaidi ya 10. Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Lakini Februari ya mwaka ule alikutana na DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kwake kwa karibu sentimita 20, na Blair akafunga pointi 22 na kudaka ribaundi 23. Anayetazama kiuno na miguu aliona jinsi Thabeet alivyokuwa akisogezwa kutoka mahali pake kabla mpira haujafika. Namba ya mitupo aliyozuia ilikuwa ya kweli, ila ilieleza kilichotokea mpinzani akishamkubalia kusimama karibu na ringi. Ndani ya karatasi yake kulikuwa na dokezo jingine: asisti hazikufika hata 1 kwa mchezo, ishara ya mchezaji ambaye mpira ukimfikia mashambulizi yanasimama. Namba na macho vilikuwa vinaonya jambo moja kwa lugha mbili. Ni haki kusema pia kwamba kijana aliyeanza kikapu akiwa na miaka ya kati ya ujana alihitaji muda na uvumilivu, na kuchaguliwa wa pili hakumpi mtu muda.

Na Blair? Alichaguliwa wa 37 kwa sababu ya magoti yake. Ripoti ya daktari ni chanzo cha tatu ambacho takwimu na macho vyote havikifikii, kwa hiyo ukiwa na haki ya kuiomba, iombe.

Hatua ya 7: Vinapopingana

Fungua makisio yako ya mchezo wa kwanza. Ulisema amefunga 16, kumbe 9; basi alikuvutia kwa namna anavyosogea, na yawezekana uliona jambo la kweli ambalo bado halijazaa pointi. Ulisema amepoteza mpira mara 1, kumbe mara 5. Hapo macho yamemsamehe kwa sababu unampenda. Makosa ya macho yana tabia zake: hukumbuka dunki na kusahau zamu tatu za kulala zilizofuata, hupenda miili mizuri, huamini mchezo wa mwisho kuliko wa kwanza. Nikola Jokić alichaguliwa wa 41 mwaka 2014 kwa sehemu kubwa kwa sababu mwili wake haukuonekana wa mwanamichezo, ingawa mikono na pasi zake zilionekana na kila aliyetazama mpira unakokwenda baada ya yeye kuugusa. Amekuwa mchezaji bora wa ligi mara tatu.

Namba zikisema ndiyo na macho yakisema hapana, tafuta nguvu ya mwili na ulaini wa ligi kwanza. Visababu viwili hivyo vikishaondolewa, ziamini namba na uyaulize macho yako yanachukia nini. Macho yakisema ndiyo na namba zikisema hapana, tafuta dakika chache, jukumu finyu au mitupo isiyoingia kwa bahati mbaya. Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo, na michezo imefika ishirini, usimtetee tena kwa neno "kipaji". Uwezo usioonekana popote kwenye karatasi baada ya muda wa kutosha mara nyingi haupo.

Hatua ya 8: Andika ripoti inayoweza kukosea

Ripoti isemayo "ana mustakabali mzuri" haiwezi kukosea, kwa hiyo haina thamani. Andika masafa: jukumu dogo kabisa unaloamini atalimudu akifika miaka 23, kubwa kabisa, na unaloliona la kuelekea zaidi. Andika ujuzi mmoja ambao ukiimarika unampandisha, na kasoro moja ambayo isiporekebishwa inamfunga. Andika ni nini kingebadilisha maoni yako, kwa namba ikiwezekana: "akifikisha mitupo 200 ya pointi tatu akiwa chini ya asilimia 28, naacha kumhesabu mtupaji." Weka tarehe, idadi ya michezo uliyomwona kwa macho na idadi ya dakika zilizomo kwenye takwimu.

Ukiwa na mwenzio, kila mmoja aandike yake kabla hamjazungumza. Mazungumzo huwavuta watu kwenye maoni ya anayesema kwanza au mwenye cheo, na mkishazungumza mna ripoti moja yenye sahihi mbili. Kumbuka pia kwamba unayemwandika ni mtoto wa mtu. Usimpe yeye wala wazazi wake utabiri wa miaka kumi; mpe ile kasoro moja na namna ya kuifanyia kazi, kwa maneno ambayo kocha wake anaweza kuyatumia kesho asubuhi.

Baada ya miezi sita rudia hatua ya 2 kwa kijana yuleyule, bila kusoma ripoti ya zamani, kisha uziweke mbili bavuni. Kilichobadilika kati ya karatasi hizo mbili ndicho kipimo cha kuboreka kwake, na kwa mchezaji wa miaka 16 hakuna kipimo kingine ninachokiamini zaidi.